Mtoto Asiyeumwa Naye Apelekwe Kituoni

Hotuba iliyotolewa mbele ya familia zilizohamishwa na vita, wenyeji wao na viongozi wa pande zote mbili, teritwari ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu



Ninajua wako hapa watu ambao leo wangekuwa wanalima shamba la mtu mwingine kwa malipo ya siku, na faranga za siku moja si kitu kidogo kwa mtu aliyeacha nyumba na mbuzi wake nyuma. Kwa hiyo sitazungusha maneno.

Nimekuja kusema juu ya mtoto ambaye haumwi. Mtoto mwenye homa kila mtu anamwona. Mama yake halali, jirani anatoa majani ya dawa, na mwishowe atabebwa mgongoni mpaka kituo cha afya hata kama ni usiku. Lakini huyu anayekimbiza mpira wa majani ya migomba hapa mbele yetu, anayekula bugali na kuomba nyingine, nani anafikiri kwamba ana kazi yoyote kituoni? Mimi nasema anayo. Na mzee mmoja aliniuliza pale mlangoni kama shirika letu limeacha kazi ya amani na kuanza kazi ya sindano. Hatujaacha. Nitamjibu, lakini anipe nafasi nifike huko polepole.

Tuanze na vita yenyewe. Tukisema vita imeua, tunafikiri risasi na panga. Shirika la International Rescue Committee lilifanya uchunguzi wa vifo katika nchi yetu mara kadhaa, na ripoti yake ya Januari 2008 ilikadiria kwamba watu milioni 5.4 zaidi ya kawaida walikufa kati ya mwaka 1998 na 2007. Wataalamu wamebishana juu ya hesabu hiyo, na wengine wanasema ni kubwa mno. Lakini jambo ambalo ripoti ilionyesha, na ambalo kila aliyeishi hapa miaka ile analijua hata bila ripoti, ni kwamba wengi sana katika hao hawakupigwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na kukosa chakula cha kutosha. Watoto wenye chini ya miaka 5 walikuwa 19 tu katika kila watu 100, lakini katika kila vifo 100, vifo 47 vilikuwa vyao.

Bunduki ilifukuza familia, ugonjwa ukaisubiri njiani. Na magonjwa hayo mengi yana kinga. Kinga yake haiko Kinshasa wala Ulaya, iko katika kituo cha afya kile chenye mabati mnachokiona kutoka hapa, chenye waganga wachache, mizani ya kuning'inia na friji ya jua.

Mwaka 1978, huko Alma-Ata, nchi za dunia zilikubaliana kwamba afya ianzie karibu na mahali watu wanapoishi, na ianze na kuzuia kabla ya kutibu. Nchi yetu ilijipanga kwa njia hiyo: zoni za afya, ambazo leo ni 519, kila moja na hospitali yake kubwa, na chini yake maeneo ya afya yenye vituo vidogo kama hiki chenu. Mpango ni mzuri. Umepigwa na vita, umeporwa dawa, umekosa mishahara, lakini bado umesimama, na ni watu wachache wanaojua namna ya kuutumia wakiwa wazima.

Kila kituo kina siku ya kilo. Wamama wanaijua kwa jina hilo, kwa sababu ya mizani. Siku hiyo mtoto anawekwa ndani ya suruali ile ya kitambaa, analia, uzito wake unaandikwa kwenye fishi kwa nukta, na nukta za kila mwezi zinaunganishwa kwa mstari. Mama asiyesoma pia anaweza kuuona mstari ule. Ukipanda, ni vizuri. Ukilala miezi miwili mfululizo, hata kama mtoto anacheza na kucheka, kuna jambo. Labda maziwa ya mama yamepungua kwa sababu na yeye hali vizuri, labda kuna minyoo, labda kuna kikohozi cha ndani. Muganga anauliza mapema, wakati dawa bado ni ndogo na chakula kidogo kinatosha. Hiyo ndiyo faida ya mizani. Mimi nimesikia wamama wakisema, "Wanatupimia watoto kila mwezi kama magunia ya maharagi, halafu hawatupi kitu." Ninaelewa maneno hayo. Mtu akitembea saa mbili anataka arudi na kitu mkononi. Lakini mstari ule ni kitu.

Siku hiyohiyo ndiyo siku ya chanjo. Mtoto akizaliwa anapewa ya kifua kikuu na matone ya polio. Akifika wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14, anapewa tena polio pamoja na sindano inayokinga magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini, na aina moja ya homa ya uti wa mgongo. Zinaongezwa kinga ya nimonia na ya kuhara kukali. Kwa miezi 9 anapewa surua na homa ya manjano. Surua inahitaji dozi ya pili baada ya mwaka wa kwanza. Muulizeni muganga wenu, msingoje yeye awaulize. Kuanzia miezi 6 kuna vitamini A mara mbili kwa mwaka, na kuanzia mwaka 1 dawa ya minyoo. Kinga ya kawaida ya mtoto hailipwi. Mtu akiwaomba faranga za sindano hiyo, msigombane naye kwenye foleni. Chukueni jina lake, mpelekee rele wa mtaa wenu au kamati ya eneo la afya, ile tunayoiita CODESA.

Nikae kidogo juu ya surua, kwa sababu hiyo ndiyo inayopenda kambi kuliko magonjwa mengine. Mgonjwa mmoja, kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18. Haihitaji kugusana. Mtoto akikohoa ndani ya hema, hewa ile inabaki na ugonjwa hata yeye akiisha kutoka. Kati ya mwaka 2019 na Agosti 2020 nchi yetu ilipita katika mlipuko mkubwa wa surua, na zaidi ya watu 7,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Miaka hiyohiyo kulikuwa na Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, ikagusa na Kivu Kusini yetu, ikaua watu 2,287. Mnakumbuka Ebola. Tulinawa mikono kila kizuizi, tulipimwa homa kwa kile chombo kama bastola, magari yalipita usiku na mchana. Surua iliua mara tatu zaidi, na ni wachache waliosikia. Nadhani ni kwa sababu tumeizoea. Bibi zetu walisema hesabu watoto wako baada ya surua kupita, na sisi tukaendelea kuona kwamba ndivyo ilivyo. Lakini kinga ya surua iko, imekuwako miaka mingi, na ni ya bure.

Sasa, wamama wa kambi, hapa nawasemesha ninyi kwanza. Wengi wenu mlikimbia wakati mtoto yuko katikati ya chanjo. Alipata ya wiki 6, kisha risasi zikalia, na fishi imebaki ndani ya nyumba au imeungua nayo. Mmoja wenu aliniambia alifika kituoni mahali pengine, kabla ya kuja hapa, akaambiwa bila fishi hakuna chanjo, aende alete fishi. Aende kuileta wapi? Alirudi hemani, hakwenda tena, na mtoto akafikisha mwaka mmoja na nusu na sindano moja.

Sikieni vizuri. Mtoto aliyekatiza chanjo haanzi upya. Anaendelea pale alipoachia. Ikiwa miezi 7 imepita kati ya sindano ya kwanza na ya pili, ya kwanza haikupotea, mwili unaikumbuka. Na ikiwa fishi imepotea na mama hakumbuki vizuri, muganga atamwuliza, ataangalia kovu la bega, na pale ambapo hakuna uhakika atampa. Kupata dozi moja zaidi ya surua au polio hakumdhuru mtoto. Kukosa kabisa ndiko kunakodhuru. Mtoto wa miaka 2 au 3 ambaye hajawahi kuchanjwa naye asiachwe nyumbani kwa haya. Muganga atachagua zipi bado zinafaa kwa umri wake. Najua aibu ipo. Najua wako waganga wanaopaza sauti mbele ya watu, "Mama, ulikuwa wapi muda wote huu?" Mama alikuwa msituni, ndipo alipokuwa. Nimewaambia wakubwa wa kituo hiki jambo hilo uso kwa uso na wamelipokea.

Na fishi mpya mkiipata, ifungeni ndani ya plastiki na iwekeni pamoja na jetoni. Siku ya kukimbia hakuna anayesahau jetoni.

Kuna jambo jingine linaloleta manung'uniko, na bila kulielewa tutadhani ni ubaguzi. Mama anakuja na mtoto wa miezi 9, muganga anatazama foleni, anasema, "Wa surua mrudi wiki ijayo." Mama wa kambi anasema, "Ni kwa sababu mimi ni mkimbizi." Mama wa kijiji naye anasema, "Ni kwa sababu wakimbizi wamemaliza dawa." Ukweli uko ndani ya chupa. Chupa ya surua kwa kawaida ni ya watoto 10. Ikifunguliwa na kuchanganywa na maji yake, inafaa saa 6 tu, kisha inatupwa. Muganga akiona watoto watatu, anaogopa kutupa dozi saba na kuulizwa na wakubwa wake wa zoni. Shirika la Afya Duniani linawaambia waganga wasimrudishe mtoto kwa sababu hiyo, wafungue hata kwa mmoja, maana mtoto anayerudishwa mara nyingi harudi. Mimi niko upande huo. Lakini muganga ambaye akiba yake ni chupa chache mpaka gari lifike, na barabara imekatika kwa mvua au kwa watu wenye silaha, naye tumwelewe.

Dawa ya tatizo hili haiko kwa muganga peke yake. Iko kwenu, viongozi. Ikiwa rais wa kambi anajua ni watoto wangapi wa kambi wamefika miezi 9, na shefu wa kijiji anajua wa kwake, na wote wakawaleta siku moja, chupa inafunguka na hakuna kinachotupwa. Watoto sita wa kambi na wanne wa kijiji wanakuwa kumi. Hapo mzee wetu aliyeniuliza mlangoni aanze kusikia jibu lake.

Nimefanya kazi mahali ambapo hesabu hiyo haikufanywa. Shirika moja lilileta hema la matibabu ndani ya kambi, dawa bure, waganga wazuri, kwa wakimbizi peke yao. Nia yao ilikuwa njema. Hatua 300 kutoka hapo kulikuwa na kituo cha afya cha kijiji, ambako mwenyeji alilipa kipimo, alilipa dawa, na alilala kwenye kitanda bila godoro. Wenyeji hao ndio waliotoa mashamba yao ili kambi ijengwe. Ndio waliopokea familia mbili na tatu ndani ya nyumba moja kabla mahema hayajafika. Baada ya miezi minne vijana wa kijiji walifunga njia ya bomba la maji. Wa kambi wakavuta mawe. Watu walisema ni kabila, na ninyi mnajua jinsi neno hilo linavyokuja haraka hapa kwetu. Mimi nilikaa na vijana wale siku tatu, na jambo la kwanza walilolitaja, kabla ya kabila lolote, lilikuwa dada wa mmoja wao aliyefukuzwa kwenye hema na mtoto mwenye homa kwa sababu hakuwa na jetoni.

Tangu hapo msimamo wetu ni huu: msaada wa afya upite katika kituo cha eneo, kwa mtoto wa mkimbizi na wa mwenyeji, siku moja, foleni moja, dawa moja. Tunawaambia wafadhili hivyo hata kama picha ya hema jeupe inawapendeza zaidi. Wakati mwingine kambi iko mbali na kituo na lazima waganga waje kwa miguu. Basi hata hapo wenyeji wa karibu waitwe, na waganga wawe walewale wa kituo.

Na kuna maneno ambayo tuyaache kabisa. "Wakimbizi wametuletea surua." Surua haibebwi na mkimbizi kama mzigo. Inatafuta mtu asiye na kinga. Ili isipite katika eneo, inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamekingwa. Shefu wangu, kijiji chako hakijafika hapo, waganga wenyewe wamekuambia. Ugonjwa ukitoka kambini utaingia kijijini, ukitoka kijijini utaingia kambini, na soko lenu ni moja. Vilevile kule kambini nimesikia kwamba kinga hizi ni njama ya kuwafanya watoto wetu wagumba kesho. Msemaji yuko hapa, simtaji, ni mtu mwema na anapenda watoto. Nataka nimjibu kwa heshima. Sisi watu wazima tunaozaa leo, wengi wetu tulichanjwa utotoni. Angalieni mabega yenu. Watoto waliojaa uwanja huu ndio jibu. Kwamba mtoto anapata homa kidogo au mguu unauma baada ya sindano, hiyo ni kweli, inaisha kwa siku moja au mbili, na muganga aliseme hilo kabla ya sindano, asingoje mama ashtuke usiku.

Kwa wababa nitasema kwa ufupi kwa sababu mmekuja wachache. Katika nyumba nyingi mama hawezi kutoka bila ruhusa, na siku ya kilo inagongana na siku ya kulima au kutafuta kuni. Baba akisema "nenda," anaenda. Baba akibeba yeye mwenyewe mtoto, hakuna atakayecheka. Hapa kijijini yuko mmoja anayefanya hivyo na mizani haijamkataa.

Sasa nionyeshe utepe huu. Ni wa kupima mkono wa mtoto mwenye miezi 6 mpaka miaka 5. Unauweka katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto, bila kubana. Ukisoma kijani, yaani sentimeta 12.5 na zaidi, vema. Manjano, kati ya 11.5 na 12.5, apelekwe kituoni wiki hii. Nyekundu, chini ya 11.5, apelekwe leo. Mama yeyote anaweza kupima, hahitaji diploma, na tumeleta tepe kwa kila avenyi ya kambi na kila mtaa wa kijiji.

Lakini utepe hauoni kila kitu. Hapa Kivu tunajua bwaki. Mtoto mwenye bwaki anaweza kuonekana mnene. Uso umevimba, nywele zimebadilika rangi, hataki kucheza, na jirani anasema amenenepa. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili, hesabu polepole mpaka tatu, achia. Shimo likibaki pande zote mbili, ni uvimbe wa bwaki, na huyo anaenda siku hiyohiyo hata kama utepe umesema kijani. Zamani walisema amerogwa, au mama amepata mimba nyingine na mimba imemwonea wivu. Msimpoteze mtoto katika maneno hayo.

Sitawaambia mlishe watoto nyama na maziwa. Inaniudhi ninaposikia watu wakitoka mjini na kuwafundisha wamama wasio na shamba namna ya kupanga sahani yenye rangi tatu. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu, hata maji asipewe, na hapa ambapo maji ya ziwa yana kipindupindu hiyo peke yake inaokoa wengi. Baada ya hapo, kikombe cha sambaza zilizosagwa kikitiwa katika uji wa mtoto mmoja kidogo kidogo kinakaa siku nyingi. Maharagi yakiwapo, mtoto atangulie. Mambo ya kipindupindu, klori na vyoo yanahitaji siku yao yenyewe na mwenzangu wa maji atakuja.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1999 nchi hii ilikuwa imekatwa vipande, majeshi ya nchi kadhaa ndani yake. Polio ilikuwa inalemaza watoto pande zote. Kofi Annan, ambaye alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliomba wenye silaha watoe siku za utulivu ili watoto wachanjwe. Siku hizo zilipatikana. Watoa chanjo walivuka mistari ya vita na masanduku ya barafu, na watoto kwa mamilioni wakapewa matone, bila kuulizwa baba zao wako upande gani. Vita haikuisha kwa hayo, nisiwadanganye. Lakini wale waliosema kwamba hawawezi kukubaliana juu ya jambo lolote walikubaliana juu ya hilo. Sisi tunaofanya kazi ya amani tunaanzia mahali ambapo watu tayari wanataka kitu kimoja, na sijaona bado kijiji ambapo mama wa huku na mama wa kule hawataki kitu kimoja juu ya mtoto.

Ndiyo maana tunawaomba viongozi mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu. Katika CODESA ya hapa kuna wenyeji peke yao, ingawa leo zaidi ya nusu ya watoto wanaopimwa kituoni wanatoka kambini. Tunaomba kambi ipewe viti viwili, na kimoja kiwe cha mama. Shefu amesema atalizungumza na washauri wake. Ninamshukuru, na nitarudi kumwuliza. Tunaomba rais wa kambi atupe kila Jumatatu majina ya watoto waliozaliwa na ya familia zilizofika, kwa sababu familia mpya ndiyo inayokosa yote: haijui siku, haijui njia, na inaogopa. Wale wa kamati ya ulinzi, na watu wengine wenye silaha ambao wanasikia habari zetu hata kama hawakuja hapa, wajue kwamba bunduki haiingii katika ua wa kituo. Mwenye jeraha atatibiwa, awe nani, lakini silaha ibaki nje. Siku mama atakapokuta mtu na bunduki mlangoni, hatarudi, na hatatuambia sababu. Wachungaji nao, mnatangaza harusi na michango; tangazeni na siku ya kilo.

Siku ya kilo hapa ni Jumatano. Warele watapita Jumanne jioni, wawili wawili, mmoja wa kijiji na mmoja wa kambi, wakitafuta watoto wa miezi 9 na kuendelea. Muganga mkuu ameahidi kwamba chupa ya surua itafunguliwa Jumatano hii, kwa yeyote atakayekuwapo. Wenye fishi waje nazo, wasio nazo waje vilevile.

Sasa maulizo. Mama pale mbele, mwenye mtoto mgongoni, nimekuona tangu mwanzo unataka kusema.